Paaale

Mjini Tanga hatuna mlima. Tuna ngazi za hospitali,
na mimi, mtunza stoo, nimezipanda wiki tano
na kilo nane za unga mgongoni.
Wagonjwa wananipisha. Mlinzi ananiuliza
kama lifti imekufa tena.
Namwambia: naenda Mtae kwa miguu.
Anacheka, kisha anaona jasho, ananyamaza.

Si safari nzima. Kipande kimoja,
Rangwi hadi Mtae, kile ambacho Shemhina,
mpiga picha za mifupa wa chumba namba sita,
anakiita kipande kinachokata maneno.
Yeye kazaliwa huko juu. Kwao, anasema,
mtoto hupanda kwanza, kutembea baadaye,
na mpira ukiponyoka mchezo umekwisha:
umeshafika bondeni, kwa shangazi.

Ramani hatukuwa nayo.
Jumanne baada ya zamu akachukua picha ya goti langu,
ile ya mwezi wa Machi, akaibandika dirishani,
na kwa kalamu ya wino mzito akachora juu yake:
Rangwi chini, kwenye muundi.
Msitu wa Shagayu pale penye wingu.
Mtae juu, pajani, ukingoni kabisa mwa karatasi.
Halafu ule uwazi mwembamba kati ya mfupa na mfupa.
"Hapa," akasema, "ndipo inaposimama wima."
Nikamuuliza: njia, au mimi?
Akaweka nukta, akaendelea.

Nikaleta mizani ya stoo.
Mchele, kilo moja na nusu. Dagaa, robo.
Sufuria ya Mwanakombo: ikarudi kwa Mwanakombo.
Sweta la marehemu kaka yangu, gramu mia saba;
mimi mtu wa shuka moja, nikalitoa,
nikalirudisha, nikalitoa.
"Usiku kule," Shemhina akasema,
"chai inapoa ingali kwenye birika."
Nikalirudisha.
Bendeji mbili. Dawa ya kuchua. Chumvi.
Mwanakombo alitaka lita kumi za maji kutoka kwake Pongwe,
kwa kuwa maji ya mlimani, alisema,
hajui ukoo wao.

Yeye ndiye aliyeuliza umbali.
"Pale tu," akajibu Shemhina.
Mwanakombo akaweka kikombe chini.
Neno hilo liliwahi kumtembeza Bumbuli, msibani,
tangu alasiri hadi isha, na viatu vya harusi.
"Mpigie mama yako," akasema. "Mbele yetu."

"Onga mshi." Salamu zikaenda, zikarudi:
viazi, mvua, ng'ombe wa Hoza aliyezaa pacha.
Ndipo swali.
"Aa, ni paaale," akasema mama.
Shemhina akafumba macho, kidole hewani,
kama daktari anayesikiliza pafu.
"A tatu," akasema, akaandika: saa saba.
"Angesema pale, unakwenda kuomba kiberiti.
Angevuta mpaka pumzi imwishie, tungelala njiani."
"Na kidevu?" akauliza Mwanakombo.
"Kwenu mnainua na kidevu."
Shemhina akafikiri.
Kidevu hakionekani kwenye simu.
Akaongeza saa moja, kwa ajili ya kidevu.

Mama alikuwa bado hajakata.
Nani anakuja? Akaambiwa: wanawake wawili wa pwani,
mmoja goti bovu.
Kimya, jogoo wa Mtae akawika chumbani kwetu.
"Mwambie huyo wa goti
abakize nafasi mkobani. Mapeasi yameiva."

Nikautoa mchele wote.
Mizani ikapanda, ikatikisika, ikatulia.

Kwangu Chumbageni kuna vidato viwili tu, mlangoni.
Usiku huu nimevipanda mara arobaini,
sweta mwilini, joto lote hili, jirani akichungulia.
Kwenye ya thelathini na moja goti likauliza
tumebakiza wapi.
Nikainua kidevu.