Jezi ya Keneti

Niliinunua Tangamano, siku ya kufungua belo,
shilingi elfu tatu, baada ya kuapa kwamba nne sina.
Milia myekundu na myeupe. Nikasema, hii ya Coastal,
Wagosi wamenikumbuka.
Nikaivaa mpaka kazini kwangu, Barabara ya Kumi na Nane,
na mteja wa kwanza, mwalimu wa Usagara,
akanisomea nembo huku namzibia pancha:
"Hii si ya hapa, Mhina. Hii ni Sandalandi."

Kijana wa jirani akauliza kama ni kiwanda cha makubazi.
Mwantumu, mke wangu, hakucheka.
Yeye alisikia mwanzo wa neno tu.
"Sanda," akasema. "Umevaa sanda ya mtu."

Mgongoni palikuwa na jina: KENNETH, na namba sitini.
Nimepekua kikosi kwa kikosi, mwaka kwa mwaka,
mpaka bando likaniyeyukia mkononi kama barafu:
hakuna Keneti aliyecheza na sitini.
Sitini ni umri.
Wajukuu walimkatia keki mzee mmoja wa huko kwenye baridi,
akaivaa jezi juu ya sweta,
akaenda uwanjani, akarudi kafungwa,
akaenda, akarudi,
kisha Jumamosi moja hakwenda,
na watu wakafungasha kabati.

Wenzangu wamerithi minazi.
Mimi nimeachiwa timu,
na kwenye mirathi sikuitwa.

Ikashuka daraja. Mwaka wa pili ikashuka tena,
kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani
na mguu ukaenda kuitafuta ya chini yake.
Kwa Shekiondo, penye banda umiza, ubao
uliandikwa Arsenal, Liverpool, Manchesta;
sisi hata chaki hatukupata.
Nikawa natazama namba kwenye simu iliyopasuka kioo,
Jumamosi saa kumi na mbili jioni, mikono imejaa grisi,
mtu ananiuliza bei ya tairi, simsikii.
Adhana ya Magharibi ikiingia, wao wanakwenda mapumziko:
hilo peke yake tumepangiwa vizuri.
Nasujudu, kichwani mna namba,
najitahidi nisiziombee.

Siku tuliyofungwa dakika ya mwisho
Mwantumu alitoka na kanga mpya,
akapita mbele yangu mara tatu, hakutumwa na mtu,
ili nisome vizuri:
UNAYEMLILIA HAKUJUI.

Nilisoma. Kweli, hanijui.
Hata na Keneti hatujuani,
ila nakijua kwapa chake cha kushoto, kilipochanika,
na uzi wa bluu aliokishonea, mishono mirefu, inapinda,
mishono ya mwanamume aliyebaki peke yake nyumbani.
Naifua kwa mkono, nimeigeuza ndani nje, naianika kivulini.
Hata hivyo herufi zinabanduka.
Zimebaki NNET, na sita.

Mwaka tuliorudi juu, Shekiondo alinionea haya.
Akaniandika ubaoni, kakosea herufi mbili.
Nilifika mapema, nikatoa mia tano mbili,
akatazama nyuma yangu kutafuta wa pili, hakuuliza.
Nikakaa benchi la mbele, chini ya feni isiyozunguka.
Siku hiyo jezi sikuivaa.
Niliikunja, nikailaza pembeni yangu, mgongo juu.

Banda likafurika, maana watu walikuja kumtazama mpinzani wetu.
Kijana mmoja mrefu, anavuja jasho,
akaigusa kwa ncha ya kidole:
"Mzee, toa nguo yako nikae."
Mpira ulikuwa umeshaanza. Sikugeuka.
"Pana mtu," nikamwambia.