Msumari Usio na Kichwa

Gerezani, saa mbili asubuhi, nimeegemea kaunta ya Jitesh
na makopo yake ya maziwa yaliyojaa misumari.
Nichukue upi? Yeye hasemi, anasubiri,
kama tabibu anayetaka mgonjwa ataje mwenyewe panapouma.

Wa bati hapana. Ule una kofia, ni wa kukaa juani.
Wa inchi nne ni wa kenchi, kazi yake kubeba paa;
ukiuingiza kwenye ukanda wa mkongo
mbao inapasuka kabla ya pigo la tatu.
Mkongo hausamehe.

Fundi Chaurembo, aliyenifunza kazi pale Keko,
alibana misumari midomoni na kusema hivyo hivyo:
"Mbao nyembamba, msumari mwembamba.
Theluthi moja ibaki kwenye ukanda, mbili ziingie kwenye fremu.
Ukiwa na shaka, gonga ncha kwanza iwe butu.
Ncha kali inatanua nyuzi. Butu inazikata."
Nilimwona mwongo.
Nikapasua mlango wa mteja wa Chang'ombe,
nikakatwa posho ya wiki, nikaamini.

"Nipe wa inchi moja, usio na kichwa. Robo kilo.
Na ule wa inchi mbili, kichwa kama punje ya ulezi.
Yote ya zinki."
Jitesh anacheka: "Hiyo bei yake mbali, fundi."
Najua. Lakini nyumba iko Upanga,
upepo wa chumvi unaingia bila hodi,
na msumari mweusi ukianza kutu ndani ya mkongo
mbao inalia wanja.

Nyumba ni ya Bi Mwanaheri.
Wajukuu wameleta marumaru, rangi, milango ya kisasa.
Kitu kimoja tu kakataza kitupwe:
ukanda wa mlango wa jikoni,
wenye mistari ya penseli kuanzia usawa wa goti langu.
Hababi. Zena. Sikujua. Hababi tena, kaongezeka vidole viwili.
Mistari ya wenzake inapanda hadi kidevuni mwangu.
Ya Sikujua inakoma kifuani.
Sikuuliza. Fundi hupima.

Nilipoubandua, misumari ya zamani ilichungulia kwa nyuma.
Sikuigonga irudi mbele, ingetoka na vipande vya uso.
Niliivuta kwa koleo, huko huko nyuma, mmoja mmoja,
kama mwiba wa changu kwenye koo la mtoto.

Sasa kuurudisha.
Ukingo mwembamba, upande wa fremu: inchi moja.
Ukingo mnene, upande wa ukuta: inchi mbili,
palepale penye vigingi ambavyo fundi wa kale
alivizika kwenye tofali.
Kijana wangu ana kompresa na bunduki ya misumari,
tak, tak, chumba kizima kabla ya chai.
Nikamwambia aizime.
Bunduki haijui kusoma.

Nikapita kati ya Zena na Hababi.
Nikapita chini ya Idi ya mwaka fulani, mwandiko wa haraka.
Kisha kigingi kimoja kikawa nyuma ya jina la Sikujua, barabara,
na kushoto kwake saruji, na kulia saruji.
Nikainua nyundo. Nikaishusha.
Bi Mwanaheri kasimama na sahani ya vitumbua, kimya.
Nikautia ndani ya tumbo la ile herufi ya mwisho,
pale penseli ilipoacha nafasi,
nikauzamisha kwa ponchi,
nikaziba kwa unga wa mkongo na tone la gundi,
nikapitisha msasa kipande cha ukucha.

"Umepiga wapi?"
Sikumwonyesha.
Akatafuta kwa kidole, herufi kwa herufi, zote saba,
akarudia tena kutoka mwanzo.
Halafu akasema vitumbua vinapoa.

Misumari kumi na mmoja ilibaki.
Iko mfuko wa nyuma wa suruali hii.
Nikikaa vibaya, inanikumbusha.