Matamvua

Jokofu letu halilali. Linavuma usiku kucha,
nyuzi themanini chini ya sufuri,
na ndani yake, katika mirija iliyovaa ukungu mweupe,
watu wa Karelia wa mwaka sabini na nne
wangali na umri wao ule ule.
Wakata magogo. Wakamua ng'ombe. Mwalimu mmoja wa hesabu.
Wengi wamekwisha kuzikwa; damu yao haijapata habari.

Kila kromosomu, nilimwambia mpwa wangu Tuukka,
ni kama zulia la matambara la nyanya yako,
na telomia ndiyo matamvua yake:
nyuzi za pembeni, hazina ua wala rangi,
kazi yake kuzuia zulia lisifumuke.
Seli ikijigawa, uzi mmoja unakwenda.
Ikijigawa tena, mwingine.
Siku matamvua yakiisha seli hukaa tu,
haizai, haifi,
inanung'unika kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni,
na kuta za mishipa husikia manung'uniko yale
zikawa ngumu.

Watu elfu mbili na mia tatu nimewapima.
Grafu inateremka: tamvua likifupika,
moyo hulalamika mapema.
Si sana. Kidogo tu,
kidogo kinachohitaji watu elfu mbili ili kionekane.

Kisha mirija 0417 na 0418.
Tarehe moja ya kuzaliwa. Parokia moja, Ilomantsi.
Kurwa na doto.

Baba yangu, Armas, alianguka juu ya ziwa mwezi Machi,
keekee ya kutobolea barafu mkononi,
samaki wawili bado wanarukaruka kando yake.
Hamsini na mmoja. Mimi nilikuwa na kumi na saba
na nilikuwa nimekasirika naye siku hiyo, sikumbuki kwa nini.

Sheria inasema nisijue mrija ni wa nani.
Nami sikujua, mpaka Jumapili,
jikoni kwa baba mkubwa Oiva, miaka themanini na minane,
akinimiminia kahawa, akilaani goti lake.
"Siku ile ya damu," akasema, bila kuulizwa,
"mimi ndiye niliyetangulia.
Baba yako aliogopa sindano. Alijificha nyuma ya mgongo huu."
Na siagi? nikauliza.
"Alipaka siagi kama fundi apigaye plasta ukuta."
Akakata mkate. "Mimi pia."

Nikahesabu kimya kimya, kijiko kikizunguka kikombeni.
Wa kwanza, 0417: mafupi. Mafupi kuliko ya wengi.
Wa pili, 0418: marefu, kamili,
matamvua ya zulia lisilokanyagwa na mtu.

Grafu haikusema uongo.
Ilikuwa ikizungumza na umati,
mimi nikawa namtafuta mtu mmoja.

Jumatatu nilirudisha mirija mahali pake.
0417 nikaupachika upesi, kama ada.
0418 niliushika kiganjani, glavu nimeivua.
Ukungu ukayeyuka, namba ikajitokeza,
baridi ikaniuma mpaka mfupani, nami sikuachia.
Kanuni inaruhusu sekunde tano.
Nilihesabu mpaka tisa.