Bandari Namba Ishirini na Tano

Nchi yetu haina pwani,
lakini jana jioni, hapa Mbale,
nilifungiwa bandari.

Ile namba ishirini na tano, ambako barua pepe
hupakia na kung'oa nanga.
Nilibonyeza "tuma". Nikangoja.
Chai ikapoa, nikainywa hivyo hivyo.
Seva haikukataa, haikukubali,
ilinyamaza kama mdeni aliyesikia hodi.

Mvua ilikuwa imebeba daraja.
Kesho shule inafunguliwa. Wazazi mia sita na arobaini
wataamka saa kumi alfajiri,
wafunge magodoro kwenye bodaboda,
wafike ukingoni wakute maji ya rangi ya matofali
na nguzo mbili zinazotazamana kama watu waliogombana.
Salio la ujumbe mfupi la shule liliisha tangu Pasaka.
Mhasibu anasema subiri.

Nikampigia Ssenkindu wa Kampala, anayetukodisha seva,
si seva nzima, chumba tu, na ukuta wenyewe ni wa hewa.
Jenereta lilinguruma nyuma yake.
"Tumefunga wote," akasema. "Kuna mpangaji humo ndani,
Ijumaa usiku katuma laki mbili:
kazi Dubai, viza kwa siku tatu, lipa ada kwanza.
Sasa dunia imeiandika anwani yetu katika orodha ya wezi.
Na anwani, mwalimu, ni moja. Yake ndiyo yako."

Nikamwambia mimi si mwizi.
Nadhani hata yule alimwambia hivyo.
Methali ya samaki mmoja naijua,
ila haisemi nani alituweka ndoo moja,
wala kama kodi itapunguzwa.

Tukabishana. Nikamwapia kwa marehemu mama yake, ambaye simjui
na huenda yu hai.
Mwishowe akanitobolea tundu, mlango wa pembeni,
kwa jina na nenosiri,
barua hamsini kwa saa.
"Ukizidisha hata moja, unajifunga mwenyewe."

Ilikuwa saa mbili usiku.
Hadi saa kumi, mia nne.
Mia mbili na arobaini wataamka kabla ya barua.

Na orodha ilipangwa kwa alfabeti,
na sisi Wamasaba tunajulikana:
wasichana huanzia N, wavulana M na W.
Achieng na Apio, nyuma ya soko, wangesoma kabla ya kula,
Wamono angesoma amelowa hadi kiunoni.

Nikaivunja alfabeti.
Miaka sita nimeituma orodha hii, sijawahi kuisoma.
Nani yuko ng'ambo ya mto? Nani ana gari?
Nani huzima simu akilala?
Mama Nakhumitsa, Bukalasi, watoto watatu, hutembea: wa kwanza.
Mzee Magomu hajui kusoma;
nikamkumbuka mjukuu wake, nikabadilisha anwani.
Wambete anadaiwa ada ya mihula miwili.
Mto haumdai. Naye hamsini za kwanza.
Daktari Mugide ana Prado, na nyumba yake inaliona geti letu.
Wa mwisho. Anisamehe.

Saa tatu, hamsini. Saa nne, hamsini.
Saa tano umeme ukaenda, nikala betri.
Saa nane barua moja ikarudi: sanduku limejaa.
Nikapiga kwa salio langu.
"Nani?"
"Shule. Msije kesho, daraja hakuna."
"Haya," sauti ikasema, ikarudi usingizini
kabla sijakata.

Yule wa viza sijui yuko wapi.
Laki mbili, na sidhani alisoma jina hata moja.
Mimi nilikuwa na wino hadi kwenye kifundo cha mkono.

Saa moja asubuhi, getini,
Daktari Mugide, shati limenyooshwa, binti nyuma na sanduku la bati.
Nikamwambia kwa mdomo.
"Mngetuandikia," akasema.
Barua yake ilitoka saa mbili kamili.
Sikuifuta.