Ridhaa ya Mke

Afisa wa mikopo alinipa kalamu kabla ya kiti.
"Hapa, mama, na hapa, kisha ukurasa wa mwisho."
Kurasa thelathini na moja.
Ezra keshatia sahihi zake zote,
nyumba ya Mamboleo anaiona hadi rangi ya mapazia.

Mimi ni fundi cherehani, Kibuye, safu ya tatu.
Kitambaa sikitazami uso.
Nakigeuza.

Nikavaa miwani.
Feni ikazunguka, foleni ikakohoa nyuma yangu.
Ukurasa wa tisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
*benki yaweza kubadili riba wakati wowote.*
"Bila kuniarifu?"
"Ni kawaida, mama."
"Kawaida ya nani?"
Ezra akanikanyaga mguu chini ya meza.

Hakujua kwamba Jumanne wakili Kageha
alikuja kupimwa sketi ya kwendea kortini,
na kila nilipozungusha futi kiunoni mwake
alinimegea kipande cha sheria:
nyumba mnamolala haiwekwi rehani bila neno la mke;
mkiteleza, kuna notisi, siku tisini za kurekebisha,
kisha arobaini nyingine kabla ya nyundo ya dalali;
na mkopo ukishalala, riba ikome kimo cha deni lililobaki,
binti asirefuke akampita mama.

Nikamwuliza, mbona basi geti la Odiero
limepigwa ile rangi nyekundu?
Akashusha pumzi, futi ikalegea.
"Sheria ina nguo ya akiba ndani ya mshono, Rasoa.
Mwili ukibanwa, hufumuliwa.
Odiero barua aliziweka chini ya godoro, hakuzifungua."

Basi nikazikunja zile kurasa mara mbili,
nikazitia kwenye mkoba, kati ya chaki na vifungo.
"Tutazisoma nyumbani," nikasema. "Ya tisa mtaiandika upya."
Afisa akatazama saa yake.
Ezra akatazama viatu.

Njia nzima hakunisemesha.
Tulipofika Kondele akauliza, taratibu,
"Na wakikataa?"
Sikuwa na jibu. Nyumba ile naitaka mimi pia,
jiko lake lina dirisha la kuangalia vilima vya Riat.

Usiku, nikitafuta sindano, nikaikuta kalamu yao,
nimeondoka nayo bila kujua, wino umejaa.
Nimeandikia vipimo vya wateja wanne.
Inaandika vizuri.