Goti la Shangazi Zamzam

Nyuma ya risiti ya duka la dawa, hapa Seeb,
nimeandika: Ijumaa, Aprili, kabla waridi halijaisha.
Watu wanne. Hakuna aliyewahi kupanda
zaidi ya ngazi za jengo siku lifti ilipogoma.

Mundhir wa mahesabu kanunua viatu vya mlima,
anavivaa ofisini tangu Jumatatu ili vilainike;
ukimsikia ukumbini utadhani punda kapewa kazi serikalini.
Marivik, muuguzi, kauliza mawili tu:
choo kiko wapi, na kama kuna mbwa.
Na shangazi yangu Zamzam ana goti.
Watu wote wana magoti, lakini lake ni la kutajwa,
kama mtoto wa pekee.

Basi ramani nimeichora kwa goti.
Al-Aqr hadi Al-Ayn: goti litakubali.
Al-Ayn hadi Shirayja: goti litanung'unika
kwenye vipandio vya mawe, chini ya mikomamanga,
pale njia inapokonda ikawa kama ukingo wa sinia.
Kushuka bondeni: goti limekataa. Nikafuta.

Nikafuta pia kungoja jua lizame tukiwa juu,
maana gari dogo halivuki kizuizi cha Birkat al-Mauz,
na mwenye gari la kukodi, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne,
kaapa atashuka na mwanga, tuwemo tusiwemo.

Jana usiku nikampigia Bi Shinuna wa Al-Ayn.
Namba nilipewa na mke wa binamu wa mtu.
Kiarabu changu kinanuka karafuu, najua;
alinyamaza kidogo, kisha:
"Mnakuja kutazama nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa hata nimeliandika:
mila, desturi, maisha ya asili ya milimani.
Likanikaa kooni kama mwiba wa changu,
kwa kuwa nyuma yake nilisikia mtu anapasua kuni,
mtoto analazimishwa jedwali la saba,
kifuniko cha sufuria kinaanguka, kinazunguka, hakitulii.
Nyumba, kama nyumba.
Nikasema, "Tunakuja kutembea. Hatujui."
"Haya. Hilo linafundishika."

Akanipa masharti, nami nikayabana
pembeni mwa bei ya dawa ya kuchua:

msikanyage ukingo wa falaji, tumeuziba juzi;
maji yakipita shambani kwa mtu ni zamu yake,
si yenu kunawia miguu;
mlango kuwa wazi si kusema karibuni;
picha ya mti, pigeni; ya punda, muulizeni mwenyewe;
yangu mimi, hapana, hata mgongo.
Kahawa haina bei, msinitukane.
Marashi yana bei, msinipunguzie:
naamka saa kumi alfajiri kuchuma,
miiba inanijua kwa jina.

"Na huyo mgonjwa wa goti," akaongeza,
ingawa nilimtaja mara moja tu, kwa kupita,
"mwacheni kwangu. Jiko la marashi linataka mtu wa kulikalia.
Nyinyi nendeni Shirayja mrudi,
mtakuta ameona kuliko nyinyi."

Nikaona mpango umetimia. Nikampelekea shangazi
kama mtu anayepeleka sahani ya harusi.
Hakuipokea.
"Nani kamwambia mimi ni wa kuachwa jikoni?
Nimetoka Unguja nikiwa na miaka kumi na tisa,
mtoto mgongoni, cherehani kichwani,
leo nikashindwe na mikomamanga?"
Akavuta kanga, akageukia ukuta.

Leo baada ya sala ya alfajiri sikumwona kitandani.
Nikamfuata kwa sauti: mkono ukiburuzwa kwenye chuma,
pumzi, ndara, pumzi.
Alikuwa ngazi za ghorofa ya pili,
kanga kiunoni, anahesabu kwa ulimi wa kimya,
na lifti, nzima kabisa, iko wazi mbele yake
inamwangazia.

Sikusema kitu. Nilirudi ndani,
nikatoa risiti,
na mbele ya "Shirayja", palipo na jina lake limekatwa,
nikaweka alama ya kuuliza.