Daftari la Madeni

Nimelisoma kutoka nyuma kwenda mbele,
Agosti kwanza, kwa tochi ya simu.
*Nyamizi debe moja. Baba Pendo nusu.*
Herufi ndogo kama dagaa waliopenya wavu,
zinaanza mstari vizuri,
halafu zinafinyana, zinafinyana,
hadi jina la mwisho si jina tena,
ni nukta, nukta.

Nikarudi Machi. Kubwa kidogo.
Nikarudi mwaka juzi:
mwandiko wa mama ninaoujua, mnene,
kila herufi punje ya kunde,
hata kipofu angepapasa akajua nani anadaiwa.

Nami nilidhani anabana karatasi.
Alibana kila kitu, mama:
sabuni, mkaa, sifa.

Pale Mwaloni, Kirumba, walimjua kwa pua.
Anachota konzi, ananusa mara moja,
"Hawa walinyeshewa Goziba,"
na mwenye mzigo anashusha bei bila kubisha.
Vuli iliyopita akanunua magunia matatu yaliyooza.
Matatu!
Soko zima limeziba pua,
yeye katikati, mkono kiunoni,
anauliza mnaziba nini.
Tukasema katapeliwa. Tukasema umri.
Mjomba Lushinge akasema hapa kuna mkono wa mtu,
akamtaja na jirani.

"Sema tena, mama," wateja wakaanza kumwambia.
Yeye aliyekuwa akiita mkokoteni kutoka ng'ambo ya barabara
na mikokoteni miwili inakuja!
Sauti ilishuka kama ziwa wakati wa kiangazi:
huoni maji yakipungua,
unaona tu, asubuhi moja, jiwe
ambalo jana halikuwepo.

Na uso. Hapo ndipo nilipokosea.

Tangu nimlete Bwire nyumbani
uso wa mama haukunikunjukia.
Nikamletea kitenge: uso ule ule.
Nikamletea mjukuu, nikampakata mapajani pake: ule ule,
kama mawe ya Igogo, mvua kwake jua, jua kwake mvua.
Siku moja nikapasuka:
"Kama humtaki mume wangu, sema!"
Akanitazama, hapepesi,
akasema kwa ile sauti ya chini ya maji,
"Lakini mwanangu, hapa nacheka."

Nilibamiza mlango hadi bati likalia.

Aliyeona ni mtoto.
Tunapanda ngazi za mawe kwenda kwake, Nkwimba ana miaka minne,
anahesabu kila kitu siku hizi.
"Bibi mkono mmoja unatembea," akasema,
"mmoja umelala."
Nikatazama. Wa kushoto ulining'inia kama wa shati kambani,
na mwishoni mwake kidole gumba
kinasugua cha shahada, kinasugua,
kama anahesabu noti
ambazo haziishi.

Ndipo nikalitafuta daftari.

Bugando, daktari kijana akamwambia agonganishe vidole,
atembee, ageuke. Aligeuka kwa hatua saba,
kama lori kwenye uchochoro.
Akamwambia: "Mama, niandikie sentensi yoyote."
Akatupa jina la ugonjwa, Parkinson.
Mama akauliza kwa Kisukuma unaitwaje.
Daktari akasema hajui.
"Basi bado haujafika kwetu," mama akasema,
akarudisha kalamu.

Daktari akaisogeza karatasi dirishani, akaikazia macho.
"Ameandika habari za soko la Mlango Mmoja."

Nikainama.
*Kwandu, mlango mmoja. Hajalipa.*

Nikamtazama usoni: jiwe.
Nikamtazama mabega.
Yalikuwa yanatikisika, yote mawili,
na haikuwa ile tetemeko ya kidole,
hii naijua, hii ni ya zamani,
hii ilianzia tumboni.

Tuliteremka mlima wa Bugando polepole,
mimi upande wa kushoto,
nimeushika ule uliolala, naubembeza.
"Unanivuta kama mbuzi," akanung'unika.
"Nalipa, mama," nikasema.
Akasema nini sikusikia.
Nikasimama, nikainamisha sikio
hadi kwenye midomo yake:
"Nimesema, na riba."